Nyundo Iliyowekwa Chini

Mtaani walimwita Randa, kwa sababu ukipita karakana yake saa yoyote ya mchana ungemkuta kainamia ubao, randa mkononi, maranda yamemjaa mpaka kwenye ndevu. Jina la kwenye cheti alikuwa nalo, ila hata mkewe alishaliacha siku nyingi, akawa anamwita Baba tu. Alitengeneza vitanda, meza na milango, na alikuwa fundi kwelikweli. Mlango wa Randa ukifungwa umefungwa. Huhangaiki kuusukuma kwa bega kila mvua ikinyesha.

Lakini kilichomfanya ajulikane si milango, ni kanisa lake. Jina lao la vitabuni ni Waanabaptisti, na nani mtaani ana muda wa kulitamka hilo lote? Watu waliwaita watu wa kuosha miguu, kwa kuwa kabla ya kukaribia meza ya Bwana huoshana miguu, mwenye duka anamwinamia mbeba mizigo, na mbeba mizigo anamwinamia yeye. Walisali katika chumba kirefu nyuma ya maduka ya vipuri, na mabenchi yote aliyachonga Randa. Watu hawa hawaapi. Mafundi wenzake wakiapa kwa Mungu mmoja na kwa kaburi la bibi kwamba kitanda kitakuwa tayari Ijumaa, Randa atasema tu kitakuwa tayari, na Ijumaa unakikuta tayari, muujiza ambao fundi mwingine hajaufanya. Hawashiki silaha, hawarudishi kofi. Na hawabatizi watoto wachanga. Wazee wao wa karne zile za nyuma walitoswa mitoni na kuchomwa moto kwa mambo hayohayo, wala hawakubadili neno.

Hilo la watoto wachanga ndilo lililomletea Randa balaa nyumbani. Bintiye, mtoto wake wa pekee, alipozaliwa, mama mkwe alifika na gauni jeupe la ubatizo limeshashonwa, limekunjwa vizuri kwenye mfuko. Randa akakataa. Akasema mtoto hajui imani ni kitu gani, akikua ataingia majini kwa miguu yake na kwa kinywa chake. Mama mkwe akamuuliza, na asipotaka kuingia je? Randa alicheka. Alikuwa kijana bado, na kijana mwenye uhakika na mambo hana adabu hata kwa mkwewe.

Basi mtoto akakua, akasoma, akapata kazi kwenye duka la dawa, na kuingia majini hakutaka. Si kwamba alikuwa mkaidi. Kila Jumapili alikuja na mama yake, akakaa benchi la tatu, akaimba vizuri tu. Ila kila wenzake walipobatizwa, Randa alimtupia jicho la pembeni na kumkuta anatazama dari. Akiulizwa alijibu kwa upole: siku nikiwa na la kusema, baba, nitasema. Na Randa angefanya nini? Kumsukuma hakuruhusiwi. Ndiyo imani yenyewe aliyomfundisha, imemrudia mezani kwake asubuhi na jioni. Aliomba mpaka magoti yakaota sugu. Mama mkwe alikufa bado anauliza.

Sasa, ubavuni mwa karakana ya Randa, ukuta wa mabati tu kati yao, alikuwapo fundi wa vioo. Naye walimwita Kioo, wala hawakuumiza kichwa. Randa akitengeneza fremu ya dirisha, Kioo anaivisha vioo. Huyu dini hakuwa nayo ya kutaja. Alikuwa mtu wa redio na utani. Asubuhi alichungulia kwa Randa na kumwambia, leta shavu nijaribu, nione kama kweli utanigeuzia na la pili. Randa alimwambia amalize kwanza vioo vya watu. Walikuwa marafiki wa namna hiyo, wasiokumbuka urafiki ulianza lini.

Ikatokea Kioo akawaona watu watatu wakivunja duka la redio, na polisi walipokuja kuuliza, akawataja. Walikamatwa, wakatoka. Mchana mmoja wa jua kali wakaja kumtafuta, na mmoja wao alikuwa na nondo.

Randa alikuwa anagongelea ubavu wa kitanda. Alisikia kioo kinapasuka, akadhani kimemponyoka mwenzake. Kikapasuka cha pili, na cha tatu, kisha zikafuata kelele za Kioo. Akatoka mpaka mlangoni na nyundo yake mkononi, akaona. Kioo alikuwa chini kwenye kizingiti chake. Mmoja kamkalia mgongoni, mmoja kamkanyaga mkono wa kulia, na yule wa nondo anainua. Kioo aligeuza shingo akamwona, akamwita kwa jina.

Nataka tuelewane hapa, kwa sababu watu wengi hawaelewi hawa watu wa kuosha miguu wanafundisha nini. Hawafundishi mtu asimame pembeni akitazama. Wanafundisha kwamba hupigi, na hukimbii pia. Unakwenda unasimama katikati, na kama ni kipigo unakipokea wewe. Randa mwenyewe alikuwa akilifundisha hili kwenye darasa la wanaojiandaa na ubatizo, miaka na miaka, na alilifundisha vizuri. Alilijua kama anavyojua misumari.

Siku hiyo aliogopa. Aliitazama nyundo, akawaza: wakiniona nayo watadhani nataka ugomvi. Akainama, akailaza chini polepole, kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia, isije ikatoa mlio. Kisha akarudi kinyumenyume, akajibana nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani, akafumba macho. Alisikia nondo. Alimsikia Kioo, halafu hakumsikia tena. Hakutoka mpaka aliposikia watu wanakimbia na wanawake wanapiga kelele.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo fundi cherehani, mama mmoja ambaye habari ikipita kwake haitoki na ukubwa uleule. Naye siku ile aliogopa, hatumlaumu. Alijitupa chini ya meza yake. Ila kabla hajajitupa alimwona Randa akitoka na nyundo, na alimwona akiinama na kuiweka chini. Kilichofuata hakukiona. Aliponyanyuka, wale watu walikuwa wanakimbia, na Randa amesimama mlangoni mikono mitupu. Basi akaunganisha mwenyewe. Akawaambia watu: nimemwona kwa macho yangu haya, nyundo anayo, na akaiweka! Mimi ningekuwa nayo ningetoboa kichwa cha mtu. Kufika jioni, katika habari yake, Randa alikuwa amewakodolea wale watu macho mpaka wakaona haya wakaondoka. Kesho yake alikuwa amepiga na magoti.

Ndugu zake kanisani wangeweza kuuliza. Kanisa lingine lolote lingemuuliza mtu mzima mwenye nyundo: ulikuwa wapi mwenzako anavunjwa mkono? Hawa hawakuuliza. Wao hadithi ya mtu kuweka silaha chini wameisubiri maisha yao yote, wamelelewa na hadithi za namna hiyo, na sasa imetokea jirani, kwa mtu aliyewachongea mabenchi. Jumapili mzee wa kanisa alisimama na kumshukuru Mungu kwa ajili ya nyundo iliyowekwa chini. Watu wakaitikia. Wengine walilia. Randa alikaa anatazama viatu vyake, masikio yanamchoma, na waliomwona wakanong'onezana kwamba ona alivyo mnyenyekevu.

Hakusema uongo, maana hakuulizwa. Ndivyo alivyojiambia, na alijiambia mara nyingi mno kwa mtu mwenye haki. Kioo alikuwa amelazwa, mifupa ya mkono wa kulia imesagika. Mke wa Randa alikwenda kumtazama na chakula. Randa kila alipoambiwa twende alikuwa na kitanda cha mtu cha kumalizia. Hajapata kuwa na vitanda vingi vile.

Yote hayo pengine angeyameza, na aibu ingezeeka naye kimyakimya. Lakini alasiri moja bintiye alipita karakana akitoka kazini, akakaa juu ya rundo la mbao, na akasema anataka kubatizwa.

Randa aliishika meza ya kazi. Akamuuliza, imekuwaje?

"Ni ile nyundo, baba," binti akasema. "Siku zote nilidhani ni maneno ya kwenye benchi. Mazuri, lakini maneno. Kumbe yanaweza kumshika mtu mkono kweli."

Alichokiomba tangu mtoto anatambaa ndicho hiki, kimeletwa, na kimeletwa kwa njia hii. Akifumbua kinywa, binti anaondoka na harudi tena. Akinyamaza, binti anaingia majini akiwa ameshikilia kitu ambacho hakikutokea. Na katika kanisa lao hakuna maji ya bahati nasibu: mtu huingia kwa anachokiamini mwenyewe, macho wazi, la sivyo ni kulowa tu. Randa akamwambia bintiye, vizuri, mama yako atafurahi. Akageuka akaendelea kupiga randa ubao ambao tayari ulikuwa laini.

Mkewe alifurahi mpaka akasahau sufuria jikoni. Alianza kushona gauni. Nyumba nzima ikawa inaimba, na yule baba aliyemo ndani anazunguka kama mgeni aliyekosea mlango.

Alijaribu, tusimwonee. Alimfuata mzee wa kanisa, akamkuta anamwagilia mboga zake, akamwambia, kwa kigugumizi, kwamba siku ile aliogopa sana. Mzee akaweka ndoo chini na kumshika bega. Nani asiyeogopa, akamwambia, Bwana wetu mwenyewe alitoka jasho bustanini. Wewe uliogopa na nyundo ukaiweka, na hapo ndipo penye utukufu. Randa akafungua kinywa kusema la pili, lile la mbao. Halikutoka. Akasaidia kumwagilia mboga, akarudi nyumbani amedhalilika kuliko alivyokwenda, kwa kuwa sasa alikuwa ameongezewa na sifa ya kukiri.

Darasani kila anayetaka kubatizwa huulizwa kwa nini. Binti alisimama, mikono nyuma, akaieleza nyundo. Aliieleza kwa utulivu bila kutia chumvi, na ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi. Randa ndiye aliyekuwa mwalimu. Chaki ilikatika mkononi mwake. Akatamani ardhi ipasuke, na ardhi ikamkatalia kama inavyowakatalia wote.

Wana desturi nyingine hawa watu, na hii wengi hawaijui. Jumamosi kabla ya ubatizo na meza ya Bwana, hukutana kuulizana amani. Mzee wa kanisa hupita benchi kwa benchi, na kila mmoja huulizwa swali moja: una amani na Mungu na watu? Mwenye amani hujibu, na kesho yake huketi mezani. Asiye nayo husema hana, na huenda kwanza akapatane na mwenzake. Kwa kuwa hawaapi, jibu hilo moja ndilo zito kuliko vyote wanavyosema mwaka mzima. Watu wamewahi kukosa meza kwa ajili ya mbuzi aliyekula mchicha.

Mzee alianzia nyuma. Ndiyo, ninayo. Ndiyo, ninayo. Randa alikuwa mbele, akawa anayasikia majibu yanakuja. Mkewe akajibu ndiyo kwa sauti ya mtu mwenye sherehe kesho. Binti akajibu ndiyo. Mzee alifika kwake anatabasamu, tayari anamtazama wa upande wa pili, maana jibu la Randa nani asiyelijua?

"Sina," Randa akasema.

Mzee akadhani hakusikika vizuri, akauliza tena. Randa akasimama.

"Sina amani. Ile nyundo niliiweka chini wasinione nayo. Niliiweka taratibu isilie. Halafu nikajificha nyuma ya mbao. Kioo aliniita, na mimi nikafumba macho. Sikusimama kati, sikuomba, sikumtazama mtu. Mmemshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakikuwapo, na mimi nimekaa hapa nikawaacha."

Mke wa Randa alijifunika uso kwa ukingo wa kanga. Mzee wa kanisa alibaki ameshika kiegemeo cha benchi, na uso wake ulishuka, kwa kuwa kumbe Randa alimjia kwenye mboga zake akitaka kusema hili, na yeye mzee akamziba mdomo kwa mahubiri. Aibu ilizunguka chumba kile kama uji unavyogawiwa, kila mtu akapata bakuli lake. Maana wote walikuwa wamemtukuza aliyeweka nyundo, na ukiwauliza nani amekwenda kumtazama aliyevunjwa mkono, alikuwa mmoja tu, na amejifunika kanga.

Binti hakulia wala hakutoka kwa kishindo. Alisimama pale alipokuwa na kumwambia mzee kwamba kesho hataingia majini. Alichokuwa nacho cha kusema, akasema, sasa hanacho. Mzee akamjibu kwamba hapa hakuna anayevutwa. Ndivyo walivyofundisha siku zote, na siku hiyo ilimuuma kulisema.

Jumapili wengine walibatizwa. Randa alikaa benchi la mwisho, hakuosha mguu wa mtu, na hakuna aliyeosha wake. Gauni lilibaki limekunjwa kabatini. Nyumbani mkewe alimpakulia chakula, akamwekea na maji ya kunawa, ila jina la Baba halikutoka kinywani mwake siku ile. Na mtaani habari ilishafika. Fundi cherehani, ambaye hakupenda kuonekana muongo, aliieleza upya kwa bidii ileile, safari hii kutokea upande wa mbao.

Jumatatu asubuhi Randa hakufungua karakana. Alivaa shati safi, akaenda nyumbani kwa Kioo, ambaye alisharuhusiwa kutoka hospitali. Nusu ya njia aligeuka akamwona bintiye anakuja nyuma yake, amevaa koti lake la duka la dawa, na hakusogea karibu wala hakurudi. Waliingia hivyo.

Kioo alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko. Redio ilikuwa kimya. Mke wa Kioo aliwapa viti akatoka nje. Randa alikuwa amejiandalia maneno, amebeba mistari mitatu ya Maandiko, na alipofungua mdomo aseme wa kwanza, Kioo alimnyamazisha kwa mkono mzima.

"Najua. Niliona," Kioo akasema. "Nilikuona ukitoka, nikaona ukiiweka ile nyundo. Na nyinyi nawajua, umenihubiria miaka. Hampigi, mnakuja mnasimama katikati. Nikasema, afadhali, Randa anakuja." Alitazama bandeji. "Nilikuwa napiga kelele mpaka hapo. Pale duka la matairi kuna wanaume sita, wangenisikia. Nikaacha kupiga kelele, kwa sababu wewe ulikuwa unakuja."

Randa hakuweza kunyanyua kichwa. Mistari mitatu yote ilikuwa imemtoka. Alisema neno moja tu, nisamehe, na alilisema kwa sauti ambayo bintiye hakuwahi kuisikia.

Kioo akasema hapo pa kusamehe hajafika. Huenda atafika, huenda asifike, yeye si mtu wa kanisa na hakuna anayempangia siku. Ila ana madirisha ya shule nzima aliyokwisha kupokea vipimo vyake, na mkono wa kushoto haukati kioo. Randa aje kesho. Yeye atasimama aelekeze, Randa akate. Akivunja, atatukanwa. Randa akasema atakuja, na Kioo akageukia ukutani, maana yake wameshaagana.

Walirudi kwa njia ileile, safari hii wakitembea sambamba. Walipofika kwenye kona ya duka la dawa, ambapo binti ilibidi akate kwenda kazini, Randa alisimama. Akamwambia anamwomba radhi kwa Jumapili aliyomharibia.

"Jumapili zipo, baba," binti akasema. "Mkono wa Kioo ndio haupo."

Akafunga vifungo vya koti lake, akavuka barabara akaenda kazini.